Padre Mersenne na namba yenye tarakimu 21: somo juu ya kusadiki na kuthibitisha

Ndugu msomaji, somo letu la leo linahusu namba moja tu. Iandike kwenye daftari lako kwa uangalifu, tarakimu tatu tatu:

147,573,952,589,676,412,927

Namba hii ina tarakimu 21. Ni zaidi ya bilioni 147 zikizidishwa mara bilioni moja. Mwaka 1644 padre mmoja msomi na mwenye sifa njema aliitaja kuwa ni namba tasa. Ilibaki kwenye orodha yake kwa miaka 232 kabla haijathibitishwa kwamba si tasa. Ikapita miaka mingine 27 ndipo akatokea mtu wa kuonyesha vigawo vyake.

Huenda frateri anayesoma falsafa akajiuliza habari hizi zinamhusu nini. Zinamhusu kwa sababu mbili. Ya kwanza, zinatuonyesha kwa mfano mwepesi tofauti kati ya kujua kwamba jambo liko hivyo na kuliona jambo lenyewe kwa ndani. Ya pili, zinatuuliza swali ambalo kila padre atakutana nalo: neno langu lina uzito gani, na uzito huo unaishia wapi?

1. Namba hii inatoka wapi

Tuseme unaweka akiba. Siku ya kwanza unaweka shilingi 1, siku ya pili shilingi 2, siku ya tatu 4, siku ya nne 8, na kuendelea hivyo, kila siku maradufu ya jana. Baada ya siku 3 una shilingi 7. Baada ya siku 4 una 15. Baada ya siku 5 una 31. Utaona kwamba kila mara jumla ya akiba yako imepungua shilingi moja tu kufikia kiasi cha kuweka kesho. Kwa hiyo baada ya siku n jumla ni 2ⁿ − 1, yaani mbili kwa kipeo cha n, kutoa moja. Ukiweza kuendelea hadi siku ya 67, jumla ya akiba yako itakuwa namba ile tuliyoiandika hapo juu. Namba yetu ni 2⁶⁷ − 1.

Tukumbushane pia maana ya namba tasa. Ni namba nzima kubwa kuliko 1 ambayo haigawanyiki bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe: 2, 3, 5, 7, 11, 13 na nyingine zisizo na mwisho. Sasa angalia: 2² − 1 ni 3, 2³ − 1 ni 7, 2⁵ − 1 ni 31, 2⁷ − 1 ni 127. Zote ni tasa, na vipeo vyake 2, 3, 5 na 7 navyo ni tasa.

Je, kipeo kisipokuwa tasa? Chukua kipeo cha 6. Siku sita ni mafungu mawili ya siku tatu. Fungu la kwanza ni 1 + 2 + 4 = 7. Fungu la pili ni 8 + 16 + 32 = 56, yaani 7 mara 8. Kwa hiyo jumla, 63, lazima igawanyike kwa 7. Hoja hiyohiyo inashika kwa kila kipeo kinachoweza kukatwa katika mafungu yanayolingana. Hivyo ili 2ⁿ − 1 iwe tasa, ni lazima n iwe tasa.

Hapa ndipo wengi huteleza. Kwamba n ni lazima iwe tasa hakumaanishi kwamba inatosha n kuwa tasa. Namba 11 ni tasa, lakini 2¹¹ − 1 ni 2047, nayo ni 23 mara 89. Kwa hiyo kusema kwamba 67 ni tasa hakutuambii bado lolote la hakika kuhusu 2⁶⁷ − 1.

2. Kwa nini watu wa Kanisa walizijali namba hizi

Wagiriki wa kale waliita namba "kamilifu" kama inalingana na jumla ya vigawo vyake vilivyo vidogo kuliko yenyewe. Vigawo vya 6 ni 1, 2 na 3, na jumla yake ni 6. Vigawo vya 28 ni 1, 2, 4, 7 na 14, na jumla yake ni 28. Euklide, katika kitabu cha IX cha Elementi zake, alithibitisha kwamba kila mara 2ⁿ − 1 inapokuwa tasa, ukiizidisha kwa 2ⁿ⁻¹ unapata namba kamilifu. Ndivyo 3 × 2 inavyotoa 6, 7 × 4 inavyotoa 28, 31 × 16 inavyotoa 496, na 127 × 64 inavyotoa 8128.

Mtakatifu Augustino aliizungumzia namba 6 katika Mji wa Mungu, kitabu cha XI, sura ya 30, alipoeleza siku sita za uumbaji. Katika ufafanuzi wake wa kitabu cha Mwanzo alisema jambo linalofaa kukaa moyoni: namba 6 haikuwa kamilifu kwa sababu Mungu aliumba kwa siku sita, bali Mungu alikamilisha kazi yake kwa siku sita kwa kuwa namba hiyo ni kamilifu, na ingekuwa kamilifu hata kama kazi hizo zisingekuwapo. Kwa Augustino, ukweli wa namba hautengenezwi na anayehesabu. Anaukuta upo.

Basi anayetafuta namba kamilifu analazimika kutafuta kwanza namba tasa za umbo la 2ⁿ − 1. Ndiyo kazi iliyomvuta Padre Mersenne.

3. Orodha ya Padre Mersenne

Marin Mersenne alizaliwa Oizé, Ufaransa, mwaka 1588. Alisoma kwa Wayesuiti huko La Flèche, na mwaka 1611 akaingia shirika la Waminimi. Shirika hilo lilianzishwa na Mtakatifu Fransisko wa Paola, na jina lake lina maana ya "walio wadogo kabisa". Mbali na nadhiri tatu tunazozijua, Waminimi waliweka nadhiri ya nne ya kushika mfungo wa Kwaresima mwaka mzima. Katika konventi yao mjini Paris, chumba cha Mersenne kilikuwa kama posta ya wasomi wa Ulaya. Aliandikiana barua na Descartes na Fermat, na alizisambaza kazi za Galileo kwa wasomaji wa Kifaransa. Alifariki mwaka 1648.

Mwaka 1644, katika dibaji ya kitabu chake Cogitata Physico-Mathematica, aliandika kwamba kwa vipeo visivyozidi 257, namba 2ⁿ − 1 ni tasa pale n ikiwa 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257, na kwamba kwa vipeo vingine vyote si tasa.

Vipeo vya hadi 19 vilikuwa vimeshakaguliwa kabla yake. Kwa vile vikubwa, mtu wa karne ya 17 asingeweza kukagua kwa mkono, na Mersenne mwenyewe alikiri kwamba hakuwa amezipima zote. Hata hivyo orodha ilienea ikiwa na jina lake, na mpaka leo namba za umbo hili zinaitwa namba za Mersenne.

Orodha ilikuwa na makosa matano. Mwaka 1883 Ivan Pervushin, padre wa Kiorthodoksi kijijini huko Urusi, alithibitisha kwamba 2⁶¹ − 1 ni tasa, na 61 haimo kwenye orodha. Ilionekana pia kwamba 89 na 107 nazo zilisahaulika, na kwamba 67 na 257 ziliwekwa pasipostahili. Wapo waliodhani kwamba 67 ilikuwa kosa tu la uchapaji mahali pa 61. Hata tukikubali dhana hiyo, makosa mengine matatu yanabaki. Ukaguzi wa orodha nzima ulikamilika mwaka 1947, yaani miaka 303 baada ya kitabu kuchapishwa.

4. Lucas: kujua bila kuona

Njia ya kawaida ya kuonyesha kwamba namba si tasa ni kutaja kigawo chake. Ukitaka kuonyesha kwamba 91 si tasa, unasema 7 × 13 na kazi imekwisha. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alionyesha kwamba 2⁶⁷ − 1 si tasa bila kutaja kigawo hata kimoja, kwa kuwa hakukijua.

Aliwezaje? Alitumia kipimo. Tutakitazama katika umbo lililonyooshwa baadaye na Mmarekani Derrick Henry Lehmer. Unataka kupima 2ᵖ − 1, ambapo p ni namba tasa kubwa kuliko 2. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2, kisha gawanya kwa namba unayoipima na ubaki na baki tu. Baki hilo nalo lizidishe kwa lenyewe, toa 2, gawanya, chukua baki. Rudia hatua hii mara p − 2. Baki la mwisho likiwa 0, namba yako ni tasa. Lisipokuwa 0, si tasa.

Tujaribu na 31, ambapo p ni 5 na hatua ni tatu. Hatua ya kwanza: 4 × 4 − 2 = 14. Ya pili: 14 × 14 − 2 = 194, nayo ukiigawanya kwa 31 baki ni 8. Ya tatu: 8 × 8 − 2 = 62, baki 0. Basi 31 ni tasa.

Sasa tujaribu na 2047, ambapo p ni 11 na hatua ni tisa. Mabaki yanafuatana hivi: 14, 194, 788, 701, 119, 1877, 240, 282, 1736. La mwisho si 0. Basi 2047 si tasa, na hakuna shaka yoyote juu ya hilo. Lakini angalia tena mabaki hayo tisa: hayasemi mahali popote kwamba vigawo ni 23 na 89. Kipimo kimetupa uhakika kwamba vigawo vipo, kisha kikanyamaza.

Kwa 2⁶⁷ − 1 hatua ni 65, na kila moja inahitaji kuzidisha na kugawanya namba zinazoweza kufika tarakimu 21. Kazi ni ndefu, lakini mwisho wake ni uhakika wa aina ileile.

5. Cole: vigawo vyaonekana

Aliyevipata vigawo ni Mmarekani Frank Nelson Cole. Tarehe 31 Oktoba 1903, katika mkutano wa Chama cha Hisabati cha Marekani mjini New York, alitoa mada kuhusu kugawanya namba kubwa. Mwanahisabati Eric Temple Bell alisimulia kwamba Cole hakusema neno. Upande mmoja wa ubao alikokotoa 2⁶⁷ na kutoa 1. Upande mwingine akazidisha kwa mkono:

193,707,721 × 761,838,257,287

Majibu mawili yakawa sawa, naye akarudi kuketi huku wasikilizaji wakimpigia makofi. Bell aliongeza kwamba alipomuuliza Cole kazi hiyo ilimchukua muda gani, alijibiwa: Jumapili za miaka mitatu.

Ugumu wa kazi hiyo unaweza kupimwa. Fermat aliligundua jambo hili: kama p ni tasa kubwa kuliko 2, kila kigawo tasa cha 2ᵖ − 1 kinazidi kwa moja kigawe cha 2p. Kwa 2047, vigawo vinatafutwa kati ya 23, 45, 67, 89 na kuendelea hivyo kwa kuongeza 22. Kwa namba yetu, vigawo ni vya umbo la 134k + 1. Tena inajulikana kwamba ukikigawanya kigawo cha namba kama hii kwa 8, baki ni 1 au 7 tu. Ukifuata masharti yote mawili, na ukajaribu namba moja baada ya nyingine kuanzia chini, utafika kwenye 193,707,721 baada ya majaribio zaidi ya 720,000. Cole hakwenda hivyo. Alitumia hoja za kupunguza namba za kujaribu, na bado kazi ilikuwa kubwa.

Linganisha na kazi ya kukagua. Kuvitafuta vigawo kulimchukua mtu miaka, lakini vikishatajwa, mwanafunzi wa sekondari mwenye kalamu na subira anaweza kuvizidisha mwenyewe mchana mmoja. Kwa haraka zaidi, tumia kipimo cha tisa. Jumla ya tarakimu za 193,707,721 ni 37, na 37 ukiigawanya kwa 9 baki ni 1. Jumla ya tarakimu za 761,838,257,287 ni 64, baki 1. Zao linapaswa kuwa na baki 1 × 1, yaani 1. Jumla ya tarakimu za namba yetu ni 109, na baki lake ni 1. Inalingana. Kipimo cha tisa hakithibitishi kwamba hesabu ni sahihi, maana kosa linaweza kukiponyoka. Kinaweza tu kuonyesha kwamba hesabu ni mbaya. Anayetaka uhakika azidishe.

6. Tunajifunza nini

Jambo la kwanza linahusu aina za kujua. Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika Summa Theologiae, sehemu ya kwanza, swali la 2, kipengele cha 2, anatofautisha uthibitisho unaoanzia kwenye chanzo na kueleza kwa nini jambo liko hivyo, na uthibitisho unaoanzia kwenye matokeo na kuonyesha kwamba jambo liko. Anasema kwamba kuwapo kwa Mungu kunathibitishwa kwa njia ya pili. Wanafunzi wengi huona njia hiyo kama ujuzi nusu: unawezaje kudai una hakika ya kitu ambacho hukioni? Namba yetu inasaidia kujibu. Kati ya mwaka 1876 na 1903 hakuna mtu duniani aliyekuwa ameviona vigawo vya 2⁶⁷ − 1, na bado aliyeufuata uthibitisho wa Lucas alikuwa na hakika kamili kwamba vipo. Uhakika huo haukuwa nusu. Kilichopungua ni kuona.

Mfano huu una mpaka wake. Vigawo vya namba vilipatikana kwa jitihada za mtu, lakini kiini cha Mungu hakipatikani kwa hesabu za mtu yeyote katika maisha haya. Mfano unafundisha jambo moja tu, kwamba kutokuona si sawa na kutojua.

Jambo la pili linahusu mamlaka. Katika kitabu hichohicho, swali la 1, kipengele cha 8, Mtakatifu Thoma anasema kwamba hoja inayotegemea mamlaka ya mtu ndiyo dhaifu kuliko zote, na ile inayotegemea mamlaka ya Mungu anayejifunua ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Padre Mersenne alikuwa mtawa mwema na msomi wa kweli. Wema wake haukuifanya 67 istahili kuwa kwenye orodha. Kosa lake nalo haliondoi chochote katika imani aliyoihubiri, kwa maana imani hiyo haikusimama juu ya hesabu zake.

Ndugu zangu mafrateri, kesho mtatumwa parokiani, na huko maneno "Padre amesema" hufunga mjadala. Waamini watawauliza juu ya Injili, na pia juu ya dawa ya mtoto, mkopo wa kikundi, mbegu za msimu na kesi ya shamba. Watasadiki mtakachojibu katika yote, kwa uzito uleule, kwa sababu ni ninyi mliosema. Mama anayeacha dawa za hospitali kwa sababu padre alitania kuhusu vidonge hatakuja kuuliza kama ulikuwa utani. Ni wajibu wetu sisi wenyewe kuitenga mizani hii miwili: pale tunapotangaza kile Kanisa lilichopokea, tuseme bila woga. Pale tunaposema maoni yetu, tuseme wazi kwamba ni maoni, na tumwelekeze mtu kwa anayejua. Hiyo ni haki ya anayetusadiki.

Tena tusiogope kukaguliwa. Pervushin hakumvunjia Mersenne heshima alipoonyesha kwamba 61 ilisahaulika, wala Lucas alipoiondoa 67. Namba hizo bado zinaitwa kwa jina la mtawa yule, kwa kuwa aliuliza swali zuri na kuliweka mbele ya watu, wakapata kitu cha kukagua.

Mazoezi

1. Onyesha kwa njia ya mafungu kwamba 2⁹ − 1, yaani 511, inagawanyika kwa 7. Kigawo cha pili ni kipi?

2. Tumia kipimo cha Lucas na Lehmer kwa 127, ambapo p ni 7. Hatua ni tano. Baki la mwisho ni ngapi?

3. Namba 2²³ − 1 ni 8,388,607. Kwa kanuni ya Fermat, vigawo vyake tasa ni vya umbo la 46k + 1. Jaribu cha kwanza kabisa. Unapata nini?

4. Zidisha kwa mkono 193,707,721 kwa 761,838,257,287. Usitumie simu. Ukimaliza, mpe mwenzako akague.

5. Tafakari: taja jambo moja unalolisema mara kwa mara kwa uhakika mbele ya watu. Je, umelikagua, umelipokea kwa Kanisa, au umelisikia tu kwa mtu unayemheshimu?